Furaha Alibaki Machimboni

Tulikuwa tunamenya mihogo nyuma ya nyumba, mimi na dada yangu mkubwa, Furaha, tukibishana nani atavaa kitenge kipya Jumapili. Mama alitukemea tupunguze makelele, maana baba alikuwa amelala na homa.

Wanaume wenye bunduki walitokea upande wa shamba. Hawakupiga kelele. Walitufunga kamba, wakatuswaga msituni pamoja na majirani hadi kwenye machimbo ya madini ya koltani.

Mimi nilibebeshwa mawe. Aliyeanguka alipigwa, asiyeinuka aliachwa palepale. Furaha hakubeba kitu. Komanda wao alisema, "Huyu ni mke wangu," na hakuna aliyemwuliza Furaha.

Miezi ikapita. Kisha kundi jingine la wenye bunduki, lililoyataka mashimo yaleyale, likatushambulia. Watu wakatawanyika.

"Kimbia," Furaha aliniambia. Tumbo lake lilikuwa kubwa.

"Twende wote."

"Miye sitafika. Kimbia!"

Nilikimbia.

Leo ninaishi Louisville, huku Marekani, nafanya kazi ghalani. Binti yangu, Neema, alikuwa anasoma shuleni habari za Wamarekani walivyouana kwa ajili ya utumwa. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama watumwa bado wapo duniani.

"Niangalie miye," nilimjibu.

Nilimsimulia yote. Akataka kujua vita vyetu viliishaje, kama na sisi tuliachiliwa. Nikamwambia wakubwa walitia saini mkataba wa amani. Komanda akavishwa sare ya serikali, akapandishwa cheo, na mashimo akabaki nayo. Waliokuwa wanachimba waliendelea kuchimba.

Mwaka jana shangazi yetu wa Columbus alipata namba ya Furaha. Nilimpigia. Sauti ilikuwa yake, ila imechoka. Nikamwambia nitatafuta kila njia nimlete huku.

"Niko na watoto," alisema. "Baba yao hawezi kubaachilia."

"Na wewe je? Anakuachilia?"

"Bon, basi, mdogo wangu, usiniulize vile."

Nilisikia mwanamume akiita kwa mbali. Simu ikakatika. Nimejaribu tena mara nyingi, namba haipatikani.

Kanisani watu huniambia Mungu aliniokoa. Naitikia amina, kwa sababu niko hai na mtoto wangu anakua. Lakini Furaha naye alikuwa anamwomba Mungu huyohuyo, tena kwa sauti kubwa kuliko mimi.