Chujio la Mchanga wa Mwaloni

Wapendwa, nimechaguliwa kwenda Ufilipino! Kanisa letu hapa Butimba linanipeleka nikajitolee kufundisha wanakijiji kuchuja maji kwa ndoo ya mchanga. Tangu nipate habari hiyo silali vizuri kwa furaha. Hata muuza chapati wa Nyegezi siku hizi ananiita Mfilipino.

Jumapili iliyopita mchungaji alitaka niwaonyeshe waumini hilo chujio kabla ya kuniombea. Asubuhi nikakimbilia mwaloni, kando ya ziwa, pale mama yangu anapoanika dagaa wake mchangani. Mchanga wa pale ni mweupe, laini, unapendeza. Nikajaza ndoo.

"Utauosha lakini?" mama akauliza.

"Mama, niachie mimi. Hii ni sayansi."

Kanisani nikamimina maji ya ziwa, machafu kabisa, juu ya mchanga. Chini yakatoka maji yanang'aa kama kioo. Vigelegele! Kwaya nzima ikasimama. Nikajaza glasi, nikapiga goti, nikampa mchungaji.

Akapiga funda moja, akafumba macho. Nikajua ameguswa.

"Bwana asifiwe!" nikapiga kelele kwenye maiki.

"Amina!"

Mchungaji akafumbua macho, akaniomba maiki taratibu.

"Mama yake huyu kijana yuko wapi?"

Mama akainua mkono, uso kauficha kwenye kitenge.

"Mama, mwanao ametuletea mchuzi wa dagaa," mchungaji akasema. "Wewe ugali umekuja nao?"