Safari ya Cabramatta, Kumwona Nyoka wa Mzee Luan

Kwa muda mrefu niliamini, na ningeapa hata mbele ya hakimu, kwamba kila Mualbania anayeishi Sydney ana nyoka chini ya kizingiti cha nyumba yake, mnene kama paja la mcheza mieleka, na kwamba nyoka huyo hutapika dhahabu kila mwezi unapoandama. Habari hii nilipewa na Deo, Mkongomani ninayefanya naye kazi ghalani, naye aliisimulia kwa uso mkavu kiasi kwamba sikuona haja ya kumuuliza ameitoa wapi.

Basi nyumba tuliyopanga Macquarie Fields ikauzwa, tukatakiwa kuhama, na mke wangu mimba yake ilikuwa imefika pale pa kuhema akivaa viatu. Tulitafuta nyumba hadi maajenti wakawa wanatujua kwa sauti. Mwisho nikasikia kuna nyumba ndogo ya uani kule Cabramatta, ya mzee mmoja aitwaye Luan. Mualbania.

"Baba Zawadi, nenda ukaangalie," mke wangu akasema. "Lakini nikisikia kuna nyoka, mimi na mtoto wangu tutalala kanisani."

Jumamosi asubuhi nikapanda treni. Glenfield, pale pa kubadilisha, nikamkuta Birutė ananisubiri. Ni Mlithuania, tulisoma naye shule ya jioni na siku ya vyeti nilimpigia makofi hadi viganja vikavimba. Amewahi kuwa jirani wa Mzee Luan, na ndiye aliyeniombea nafasi. Nikamweleza hofu yangu nikitegemea anicheke.

"Nyoka wa nyumbani? Hata bibi yangu alikuwa naye," akajibu, kama mtu anayetaja paka.

Kufika Liverpool nilikuwa nimekwisha kusomeshwa dini nzima ya mababu zake. Kuna Perkūnas, mwenye ngurumo, anayepita mawinguni kwa gari la kukokotwa na mbuzi. Kuna Laima, mungu wa kike anayesimama pale mtoto anapozaliwa na kumpangia maisha yake. Na kuna nyoka asiye na sumu, žaltys, anayekaa karibu na jiko na kuwekewa maziwa. Ukimuua, jua lenyewe hulia.

"Mimi ni Mkristo wa kiti cha mbele," nikamwambia, "lakini huyo Laima kama yuko karibu, asimame upande wa mke wangu."

"Nitamwambia," akasema Birutė, na hakucheka.

Cabramatta ilitupokea kwa harufu ya majani ya mnanaa na juisi ya miwa. Tukapita katikati ya maduka, tukaingia mtaa wa nyuma, na Mzee Luan akatufungulia geti akiwa ameweka mkono kifuani, ndivyo watu wa kwao wanavyosalimia. Nyumba ya uani ilikuwa ndogo, safi, na dirisha lake lilipokea jua lote la Australia. Nikaipenda papo hapo. Nikainua mguu nipande ngazi.

Chini ya ngazi ukatokeza mkia. Mnene, wa kijivu, wenye magamba.

Sisi kwetu hatuhojiani na kitu cha namna hiyo. Kinapigwa kwanza, maswali baadaye. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimenyakua fagio lililoegemea ukuta, nimeliinua juu ya kichwa. Mzee Luan, na umri wake ule, akajitupa mbele ya ngazi mikono wazi.

"Nipige mimi kwanza!"

"We Baba Zawadi, una wazimu?" Birutė akaninyang'anya fagio. "Nimekueleza njia nzima!"

Mzee akakaa kwenye ngazi. Akasema kwao nyoka wa namna hiyo anaitwa Vitore, mlinzi wa nyumba, na anayemuua hukata uhai wa waliomo. "Marehemu mke wangu alimsalimia kila asubuhi. Vitore tu ndiye aliyebaki wa kumkumbuka pamoja nami."

Hapo nikajua nyumba imeniponyoka. Nikaomba radhi hadi maneno yakaniishia.

"Usiniombe mimi," akasema. "Muombe yeye."

Nikapiga magoti, mtu mzima mwenye cheti, nikainamia giza la chini ya ngazi. "Shikamoo," nikasema. Ukatoka ulimi mpana, wa rangi ya buluu kama wino, ukarudi ndani. Nilirudi nyuma umbali wa kutoka pale hadi Parramatta. Mzee akacheka mpaka akafuta macho.

Tulikunywa kahawa nzito ya kusimamisha kijiko. Akatusimulia Kulshedra, joka la vichwa vingi linalozuia maji, na drangue, watu wanaozaliwa na mabawa madogo kwapani ili wapigane nalo.

"Mtoto akifika, mtazame makwapa," akaniambia, akanitilia ufunguo mkononi. "Aliyemsalimia Vitore ni mtu wa nyumba hii."

Nikautia mfuko wa shati, nikafunga kifungo.

Jioni, Macquarie Fields, nikamwonyesha mke wangu picha niliyopiga kwa mbali wakati mnyama anatoka kuota jua. Yeye ni muuguzi wa wazee. Akaikuza picha, akanitazama kwa huruma.

"Baba Zawadi, huyu ana miguu minne. Ni mjusi. Kazini kwetu wapo bustanini, wanakula konokono. Nyoka hakuna, dhahabu hakuna. Tunahamia lini?"

Nikampigia Mzee Luan kumshukuru tena, na kwa upole kabisa nikamuuliza kama anajua Vitore wake ni mjusi.

"Najua, mwanangu," akasema. "Kwetu mimi nilikuwa mwalimu, hapa nikasukuma mikokoteni sokoni. Yeye kwetu alikuwa nyoka. Kila mmoja alishika kazi aliyoipata."