Siku Lenzi ya Neema Iliponilaza Mpungani

Nimecheka watu wengi katika maisha yangu, kwa hiyo leo nanyi mnicheke, haki yenu, lakini muntu atakayenirudishia habari hii sokoni mbele ya wateja wangu wa mchele, huyo tutajuana. Ni habari ya siku ya mahari ya binti yangu Zawadi, siku ambayo minye, mimi niliyejenga nyumba ya matofali na dari ya zege pale Sange (na shuleni sikukaa hata benchi likapata joto), nilikutwa nimelala kifudifudi katika mpunga, suti mpya, kofia mpya, matope mpaka masikioni.

Mjue kwanza kwamba Zawadi alipendana na kijana wa Nyakabere, mtoto wa watu wanaosema Kirundi, na sisi ni Wafuliiru, na vita ilikuwa inazunguka tambarare yote, leo iko huku, kesho iko kule, kila mtu anamwangalia jirani kwa jicho la pembeni. Wadogo zangu wakanijia: "Mukubwa, weye utapeleka mtoto kule, na wakati huu?" Nikawaambia, "Kijana analima, anaheshimu mama yake, hanywi asubuhi. Munatafuta nini ingine, malaika?" Nikakubali peke yangu. Kwa hiyo siku ile ikiharibika, ndoa ya mtoto imekufa, nami sitafungua tena kinywa katika ukoo.

Na kwa kiburi changu nikaweka sharti: sitaki wakwe wa kushuka kwenye minibusi kama wachuuzi wa nyanya. Waje kwa miguu, mstari mmoja, na majembe begani, kama ilivyofanywa zamani, maana kwetu jembe ndilo linalofungua mlango wa mahari. Majembe begani. Nililisema minye mwenyewe.

Sasa Neema, binti wa mdogo wangu, ambaye anafanya filamu kule Bukavu, akaja kutupigia picha siku hiyo, na kamera yake ilikuwa na lenzi, wacha niseme ukweli, nilidhani ni mchi wa kutwangia majani ya sombe. Nyeusi, nene, ina pete zenye meno. Akapandisha yote juu ya dari yangu ya zege, akasimamisha miguu mitatu, akaelekeza upande wa Nyakabere.

"Baba mukubwa, hii inavuta vitu vya mbali sana, inavileta karibu. Na iko mpya, lakini imetengenezwa kusudi ionyeshe kama foto za zamani, rangi ya asali, na jua likiipiga inatoa mishale ya mwanga."

"Muntu ananunua kitu kipya ili kione kama kizee?" nikamuuliza. "Si ungechukua macho yangu bure?"

Akacheka, akashuka kutafuta betri, akaniambia nisiguse. Kuniambia minye nisiguse kitu kilicho juu ya nyumba yangu! Nikainama, nikaweka jicho.

Jamani.

Niliona watu. Wanaume, mstari mmoja, hapo hapo, kama wako nyuma ya choo changu, wamebeba vitu virefu begani, na kwenye ncha za vile vitu kunawaka, pa! pa! mishale ya moto. Na rangi yake ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu ilikuwa rangi ile ile ya vumbi la siku ile ya vita ya kwanza, tulipokimbia kuelekea Uvira na Zawadi, mtoto mdogo, akaniponyoka mkononi katikati ya watu, tukampata baadaye mtaa wa Kimanga, kwa mama mmoja muuza dagaa, ndagala, amelala. Siku ile haijawahi kunitoka. Nikaiona mle ndani ya lenzi, inanijia.

"BANAKUYA!" nikapiga kelele. "Wako hapa! Kimbieni!"

Mke wangu hakuuliza nani. Kwetu neno hilo, wanakuja, haliulizwi. Masufuria yakaachwa, viti vikaanguka, shangazi zake Zawadi wakatoka na vijiko mkononi. Minye nikashuka mbio, nikaingia chumba cha bibi harusi (ambamo baba haingii siku hiyo, na ambamo binti hatoki mpaka wakwe wamwite), nikamkamata mkono, tukaruka mfereji, tukajitupa mpungani.

Tukalala. Muda ukapita, hakuna risasi. Shangazi wawili wakachoka na matope, wakainuka wakakimbia kuelekea ng'ambo ya shamba, wakilia. Hapo nikasikia nyayo nyingi, vyuma vinaanguka, na watu wanajitupa mpungani upande wetu, mmoja karibu kunivunja mguu. Mzee, naye amevaa suti, anahema.

Akaninong'oneza, "Wametokea wapi?"

"Kwenu," nikamjibu. "Nyakabere."

"Hapana, wametokea kwenu! Tumeona wanawake wanakimbia."

Tukageuziana nyuso. Alikuwa baba yake bwana harusi. Pembeni yake, jembe jipya.

Kisha akaniuliza polepole, na hapo hakuwa anatania: "Mukwe, ni sisi uliotuona? Ulidhani tunakuja kuwaua?"

Niliona ndoa inazama matopeni. Ningeweza kusingizia kamera. Nikasema, "Ndiyo. Niliona majembe niliyoyaomba mwenyewe, nikaona bunduki. Huyu binti alinipotea siku moja katika mbio. Sikutaka anipotee tena." Ndipo nikagundua bado nimemshika Zawadi mkono, na sikuwa nimeuachia.

Mzee akautazama ule mkono. "Minye niliona shangazi zenu na vijiko," akasema, "nikatupa nusu ya mahari ya mtoto wangu kwenye mfereji." Akanipa mkono wake wenye matope. "Amahoro, mukwe." Amani, kwa Kirundi. Halafu akaangalia suti yangu: "Tumekuletea majembe, kumbe umeisha kuanza kulima!"

Mpunga wote ukacheka, hata kule nilikodhani hakuna mtu. Zawadi akasema, "Baba, sasa uniachie, wakwe wamekwisha kuja kuniita."

Nikamwachia.

Waliooana wameoana, wana watoto. Neema hakuwa amezima kamera, na kukurupuka kwangu kuliigeuzia kwenye mfereji, kwa hiyo wajukuu wananiona kila sikukuu nikiruka mfereji kwa rangi ya asali, na mdogo wao anataka nirudie. Sirudii. Na jicho langu sitaliweka tena kwenye kitu kinacholeta watu karibu kabla hawajafika: mgeni wangu atembee kwa miguu yake, aje mpaka mlangoni, nimwone meno anavyocheka, ndipo nijue ni nani.