Dira yangu ya Idi iko kwa picha ya rubani

Watu wa Garissa, huyo rubani mnasifu leo amevaa dira yangu, gauni langu la Idi!

Ndege imezima injini juu, binti wa Habiba, jirani yangu, akaishusha kwa mto Tana. Abiria wote wazima, alhamdulillahi. (Binti yangu hata pikipiki inamshinda.)

Ametoka kwa maji amelowa chapachapa. Mimi mbio nyumbani, nikamletea dira ya Idi, mpya, hata mimi sijavaa.

Simu zikatoka. Picha, picha!

"Mashallah Habiba, binti amependeza!"

Habiba anacheka tu. "Asante, asante."

Nikamwambia, "Habiba, si useme dira ni ya nani?"

"Abaayo, dada yangu, leo ni siku ya kuuliza nguo?"

Watu wakanicheka!

Sasa mkituma hiyo picha, andikeni chini: rubani ni wa Habiba, dira ni ya Mama Sahra.