Joto la Kiti cha Baiskeli

Mwaka ule wa 2008, kilichomtia Bénédicte kinyaa kuliko vyote kilikuwa kitambaa. Kila asubuhi, pale Juru katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mumewe Gad alikilowesha maji na kukitandika juu ya kiti cha baiskeli kabla ya kupakia magunia ya maharage. Eti anapoza kiti.

Gad alikuwa mwanakwaya kutoka Kivu Kusini, mwenye sauti nzuri, na kila wiki alipeleka maharage Mbarara na kulala huko siku mbili. Akirudi, mkojo unamwunguza na chupi ina usaha. Hali hiyo wanaume wenzake wa baiskeli waliiita sopisi, wakakubaliana wao kwa wao kwamba inaletwa na joto la kiti. Tena waliitaja kwa majivuno, kana kwamba ni cheo. Gad alinunua sokoni vidonge vya rangi mbili, akameza vinne, moto ukapoa, vilivyobaki akavihifadhi kwenye kopo kwa ajili ya safari nyingine. Na chupi zile, jamani, zilizokauka zikakakamaa, nani azifue? Bénédicte, na mimba yake ya miezi sita.

Yeye naye alikuwa na yake, maji ya njano na maumivu chini ya kitovu. Lakini ya wanawake ina jina jingine. Inaitwa enfekisio, maana yake uchafu wa mwanamke asiyejiosha. Basi akajiosha ndani kwa chumvi na ndimu mpaka akachubuka. Miaka minne hiyo, tangu alipomzaa nyumbani binti yao Mapendo, aliyekuja na macho yamevimba, yanatoka usaha. Jicho la kushoto likageuka jeupe. Watu wakasema ni vumbi.

Siku ya kupima mimba, nesi wa kliniki, Robinah, alimwuliza, "Mama, bwana yako anasikia moto akikojoa?"

"Ile ni sopisi yake. Miye niko na enfekisio."

Robinah akaweka kalamu chini. "Hiyo si magonjwa mbili, mama. Ni moja, kisonono. Kijidudu inatoka kwa bwana inakuja kwako, kesho unamurudishia. Wanawake wengi hawasikii hata kitu. Mutoto akipita pale akizaliwa, inashika macho. Kuja na yeye. Mutatibiwa pamoja, dawa yote iishe, na hakuna kulala pamoja mpaka niseme mumepona. Akienda kwa wengine, avae mpira. Na wewe uzalie hapa, tupake mutoto dawa ya macho."

Bénédicte alirudi nyumbani akihesabu miaka. Miaka minne amejisugua kwa ndimu kwa uchafu wa mtu mwingine! Alimkuta Gad uani, anakamua kitambaa chake.

"Twende kliniki."

"Ile fasi ni ya banamuke. Miye ni joto tu ya kiti."

Hakubishana naye. Alimwita Mapendo, akamshika kidevu taratibu, akaligeuza lile jicho jeupe limwelekee baba yake.

"Na huyu alipanda baiskeli gani?"

Maji ya kitambaa yalimdondokea Gad miguuni na hakusogea. Kesho yake ndiye aliyetangulia njiani. Robinah aliwachoma sindano wote wawili, akawapa vidonge, na Gad akameza vyake mpaka vikaisha, bila kopo.

Mtoto wa pili alizaliwa kliniki, akapakwa dawa, akafumbua macho mawili meusi, safi. Jumapili Gad alisimama mbele ya kanisa akaimba shukrani mpaka watu wakalia. Bénédicte hakuimba. Alikuwa amembeba mtoto mchanga mgongoni na kumshika Mapendo mkono upande wa kushoto, wa lile jicho jeupe, asijikwae kwenye mabenchi.