Sauti Nzito Katikati ya Wimbo

"Mambo yote mapya yako kwetuuu!" Ile sauti nzito ya mwanaume naisikia mpaka leo. Hujitokeza katikati ya wimbo ninaoupenda kuliko zote, pale dada anayeimba anapolia kwamba akiachwa hana pa kwenda. Mimi nilijua ni mpenzi wake anamjibu.

Wimbo wenyewe niliupakua bure mtandaoni. Kampuni inayouuza inataka ulipie kwa kadi ya benki, na mimi muuza vitenge wa Chikongola kadi hiyo naitoa wapi?

Basi Da Somoe, mwenye bendi ya harusi kule Naliendele, akawa anatafuta mwimbaji. Nikaenda kujaribiwa. Nilifumba macho, nikaimba mpaka mpiga kinanda akaacha kutafuna korosho zake. Nilipofika pale pa kuachwa nikakaza koo kama dume: "Mambo yote mapya yako kwetuuu!"

Mpiga kinanda akaondoa vidole kwenye kinanda.

"We Fatu, na tangazo nalo unaliimba?" Da Somoe akauliza.

"Tangazo gani, dada?"

"Hao ni wagawa nyimbo za bure, mdogo wangu. Wanajitangaza juu ya sauti ya mwimbaji!"

Mpiga kinanda alicheka hadi korosho zikamwagika.

"Sauti unayo," Da Somoe akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Kajifunze wimbo mzima, kisha urudi."

Nilirudi dukani, nikafunga mlango. Nikabana simu sikioni, nikarudia pale pale tena na tena, nikitafuta dada wa watu alisema nini chini ya lile tangazo.