Heim ya Ujerumani na Godoro la Ixelles

Asubuhi moja ya Novemba nilitoka mtaa wa Forest na begi langu bila kujua ningelala wapi. Rafiki aliyenihifadhi alikuwa amempokea mkewe kutoka Bukavu, na chumba kilikuwa kimoja. Hakunifukuza. Nilielewa mwenyewe.

Kituoni pa tramu nilikaa karibu na bibi mmoja Mflamandi. Sijui kukaa bila kuuliza, basi nikamwuliza, kwa Kijerumani kibovu nilichookota Ujerumani, kinachokaribiana na lugha yake, kwa nini vijiji vingi vya kwao vinaishia na -gem au -em. Akasema ni neno moja la kale, heem, yaani makazi. Hata Zaventem, kwenye uwanja wa ndege, limo. Waingereza wana home, Wajerumani Heim. Zamani sana, akasema, lilimaanisha kijiji kizima.

Tramu yake ikaja, nikabaki na neno hilo. Heim nililijua. Ujerumani ndivyo walivyoliita jengo letu sisi waomba hifadhi: vitanda vya chuma, jiko moja kwa ghorofa nzima, na mlinzi aliyemwuliza kila mgeni anaondoka lini. Neno la kijiji kizima lilifikaje pale?

Nilitembea na swali hilo hadi barabara ya Chaussée d'Ixelles. Mvua iliponizidi nikaingia mgahawa wa mama mmoja wa Kivu, ambaye nilikuwa nimesikia kwamba hulaza wageni.

"Shikamoo, mama. Natafuta pa kulala. Naruhusiwa siku ngapi?"

Akaacha kusonga fufu. "Weye! Mutu anaingia, hajakula, anauliza siku ya kutoka? Hapa ni prison?"

"Na anasema sawa radio!" mteja mmoja akadakia. Wakakicheka Kiswahili changu cha sanifu.

"Samahani, mama."

"Maman. Bon, kaa. Kula kwanza. Kisha utaniambia kwenu ni wapi."

Nilikula sombe, kisamvu chao, nimeinamisha kichwa. Kwetu Kigoma pia hakuna anayemhesabia mgeni siku, na mgeni mwenyewe haulizi. Nililijua hilo tangu utotoni. Mlinzi yule wa Heim aliniachia swali lake mdomoni, nami sikuhisi lilivyoingia.

Baadaye Maman alinionyesha godoro juu, nyuma ya magunia ya unga.

"Toa nguo zote mu begi, zitaoza na hii mvua."

Nilifungua begi. Nikatoa shati moja, nikalitundika, nikafunga zipu tena, kama nilivyozoea kwenye Heim.